Somo la Ufundi: Bodi ya Gari Hutengenezwa kwa Bati, Si kwa Fila

Somo la leo ni la vijana walio katika gereji za jua kali za Kitale na Bungoma, na miji midogo iliyo katikati kama Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Webuye. Ni la mzazi pia, yule aliyempeleka kijana kujifunza kazi kwa fundi. Na ni la mwenye gari anayetaka kujua kama pesa zake zimenunua kazi au zimenunua rangi tu.

Tutaongea juu ya kazi ya bodi: jinsi ya kurudisha bati lililobonyea, na jinsi ya kutengeneza kipande kipya kwa mkono pale kile cha zamani kimekwisha kabisa.

Kwa nini tujifunze kazi hii

Huku kwetu gari halipumziki. Trans Nzoia kuna malori ya mahindi na pikapu za maziwa. Bungoma kuna matrekta ya miwa, na barabara kuu ya kwenda Malaba imejaa malori usiku na mchana. Ongeza matatu, boda boda, matope na mvua. Kila wiki madigadi inagongwa, mlango unakwaruzwa, na kutu inakula chini ya mlango.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8. Lakini likishaingia, hakuna sheria inayolizuia kuzeeka mikononi mwetu. Baada ya miaka kumi na tano hivi, mwenye gari anatafuta madigadi ya gari lake na haipati, au akiipata bei inamshinda. Na yule aliye na pikapu ya Peugeot 504 au Land Rover ya zamani yeye ndiye anajua zaidi taabu hii.

Hapo mteja huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua kipande kingine. Ya pili ni kujaza shimo kwa fila, kupiga msasa na kupaka rangi. Ya tatu ni kumpata fundi anayeweza kulirudisha bati lenyewe au kulitengeneza upya. Njia ya pili ndiyo tunayoiona mara nyingi kwa sababu ni ya haraka. Lakini fila nene haidumu katika barabara zetu. Gari likitikiswa siku nyingi, fila inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, kutu inaanza kwa ndani ambako huioni, na baada ya misimu michache kipande kizima kinabanduka. Mteja harudi kwa fundi huyo. Tena anaenda akiwaambia wenzake.

Kwa hiyo hasara si ya mwenye gari peke yake. Kijana aliyejifunza kujaza tu hana ufundi wa kumtofautisha na mwingine yeyote mwenye kopo la fila. Akija mwenzake wa bei ya chini zaidi, kazi imekwenda.

Jambo la kwanza kuelewa: umbo ni kipimo cha bati

Hebu chukua chapati moja uiweke juu ya mgongo wa karai. Katikati inalala vizuri, lakini pembeni inafanya mikunjo. Kwa nini? Kwa sababu chapati ni bapa na karai ni duara. Ili chapati ikae vizuri bila mikunjo kuna njia mbili tu: ama uitanue katikati, ama upunguze unga ulio pembeni.

Bati ni hivyo hivyo. Kila umbo la bodi ya gari limetokana na mambo mawili: kutanua bati mahali fulani, na kulikusanya mahali pengine. Kutanua ni kulifanya liwe pana zaidi na jembamba kidogo. Kukusanya ni kulifanya liwe fupi zaidi na nene kidogo. Kukunja kama vile unavyokunja karatasi hakutoshi, maana kukunja hakubadilishi kipimo cha bati.

Tuchukue mfano wa hesabu. Una kipande cha bati chenye upana wa sentimita 60, nawe unataka katikati kiinuke sentimita 5 kama mgongo wa boneti. Ukipima kwa kamba kufuata mgongo ule, utapata karibu sentimita 61. Hiyo sentimita moja ya ziada itatoka wapi? Lazima itoke katika bati lenyewe, kwa kulitanua pole pole katikati. Fundi anayejua hesabu hii hagongi ovyo. Anajua ni wapi bati linahitaji kuongezeka na ni wapi linahitaji kubaki lilivyo.

Mafundi wanaotengeneza karai na sufuria kwa kugonga bati la pipa wanaijua siri hii tangu zamani, hata kama hawakuisoma kitabuni. Kwa hiyo kijana, usidharau mzee wa karai. Kaa naye siku mbili uangalie nyundo yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nyundo na doli

Kifaa cha kwanza cha kazi ya bodi ni nyundo yenye uso laini, na cha pili ni doli, yaani kipande cha chuma kizito kinachoshikwa upande wa nyuma wa bati. Doli liwe na pande zenye maumbo tofauti: bapa, mviringo kidogo, na mviringo zaidi. Nyundo yenye makovu usoni huacha makovu kwenye bati. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae.

Kuna namna mbili za kugonga, na wengi huzichanganya.

1. Kugonga juu ya doli. Nyundo inashuka pale pale doli lilipo. Bati linabanwa katikati ya vyuma viwili, kwa hiyo linatanuka. Tumia njia hii kulainisha, lakini kwa kiasi.

2. Kugonga kando ya doli. Doli linasukuma sehemu iliyobonyea kutoka nyuma, na nyundo inagonga ukingo ulioinuka kando yake. Sehemu ya chini inapanda, ya juu inashuka, na bati halitanuki sana.

Gari likigongwa, shimo hutokea katikati na ukingo huinuka kulizunguka. Kijana mwenye haraka hugonga katikati ya shimo kwa nguvu. Hiyo si sawa. Ule ukingo ndio uliotokea mwisho, basi uondoe kwanza. Fuata njia ya ajali kinyumenyume, kutoka nje kwenda ndani. Mara nyingi ukingo ukishuka, sehemu kubwa ya shimo hurudi yenyewe.

Ukigonga juu ya doli kupita kiasi, bati linatanuka mpaka linakosa pa kukaa. Ulisukume kwa kidole linaingia, uliachie linatoka, kama kifuniko cha debe. Hapo wengine hukimbilia fila. Dawa yake ni kulikusanya, na tutaieleza mbele.

Mashine ya magurudumu mawili

Sasa tuje kwenye kifaa ambacho wengi wetu hatukukikuta gereji tulipojifunza. Wamarekani hukiita gurudumu la Kiingereza, lakini Waingereza wenyewe hukiita mashine ya magurudumu tu. Kule Uingereza, magari ya kifahari kama Aston Martin yalitengenezwa bodi kwa mikono na kwa mashine hii kwa miaka mingi ya karne iliyopita. Haitumii umeme wala mafuta. Inatumia mikono, macho na subira.

Fremu yake ina umbo la herufi C. Juu kuna gurudumu kubwa la chuma, kipenyo chake karibu sentimita 20, lenye uso bapa. Chini kuna gurudumu dogo la karibu sentimita 7 au 8, ambalo uso wake umeinuka kidogo katikati. Gurudumu hili dogo hubadilishwa: lililoinuka kidogo ni la mgongo mdogo, na lililoinuka zaidi ni la mgongo mkubwa. Chini kabisa kuna skrubu ya kulipandisha ili likaze bati.

Unapitisha bati katikati ya magurudumu, mbele na nyuma. Kila mara linapopita, mstari mwembamba unabanwa na kutanuka kidogo sana. Mistari mingi ikikaa kando kando, bati linaanza kuinuka kama mgongo wa kobe. Mambo ya kushika ni haya:

- Safisha bati na magurudumu kwanza. Chembe moja ya mchanga itaacha alama yake kila mahali.
- Anza kwa kukaza kidogo. Ukiona alama za kina, umekaza mno.
- Mistari ikaribiane na ipandane kidogo. Ukiruka nafasi, utapata mawimbi.
- Ukimaliza upande mmoja, geuza bati upite kwa kukatisha mistari ya kwanza.
- Usipite juu ya kingo kama hutaki zitanuke. Kingo zikitanuka zinakuwa kama pindo la sketi.
- Simama mara kwa mara upime. Ni rahisi kuongeza mgongo, ni taabu kuupunguza.

Uzuri wa mashine hii ni kwamba haiachi makovu ya nyundo. Kazi ya kugonga juu ya mfuko wa mchanga ambayo imejaa mabonde madogo, ukiipitisha hapa inakuwa laini, na fila inayohitajika ni kidogo mno au hakuna. Lakini mashine inajua kutanua tu, haijui kukusanya. Kwa hiyo anayefikiri akiipata amemaliza shida zote, bado hajaelewa somo la chapati.

Asiye nayo asikate tamaa. Mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga mkavu, kigogo cha mti mgumu kilichochimbwa bakuli juu yake, nyundo ya mti, nyundo ya chuma na doli vinatosha kutengeneza madigadi nzima. Inachukua muda zaidi, basi.

Kutengeneza kipande kipya, hatua kwa hatua

Tuseme madigadi ya kushoto imeliwa na kutu, na ya kulia bado ni nzima.

Kwanza, chukua karatasi nzito na uilaze juu ya ile nzima. Kumbuka kwamba kushoto ni kama kioo cha kulia, kwa hiyo karatasi utaigeuza. Mahali karatasi inapofanya mikunjo, weka alama: hapo bati litakusanywa, au katikati yake itatanuliwa. Mahali karatasi inapokataa kufika mpaka uichane, weka alama nyingine: hapo bati litatanuliwa.

Pili, kata vipimo vya umbo kwa kadibodi au plaiwudi. Kata kimoja cha mbele, kimoja cha katikati na kimoja cha nyuma. Hivi ndivyo vitakuambia ukweli, maana macho huchoka na kudanganya.

Tatu, chagua bati. Kwa bodi za magari ya zamani, geji 20, yaani unene wa karibu milimita 0.9, hufaa. Usitumie bati la kuezekea. Limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Acha sentimita 2 au 3 za ziada kila upande.

Nne, anza kulipa bati umbo kwenye mfuko wa mchanga, ukigonga kutoka katikati kwenda nje. Kingo zikifanya mikunjo, usiilaze kwa nguvu ikalaliana. Gonga mkunjo kuanzia kwenye ncha yake ya ndani kuja ukingoni, ili bati lijikusanye ndani yake lenyewe.

Tano, lainisha kwa mashine ya magurudumu, au kwa nyundo na doli. Pima kwa vile vipimo vya kadibodi kila baada ya muda mfupi.

Sita, bati likiwa gumu na kukataa kusogea, ujue kugongwa kumelikaza. Lipashe moto mpaka liwe jekundu la kufifia, uliache lipoe lenyewe, kisha uendelee. Bodi za nje za Land Rover za zamani nyingi ni za alumini, na alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Ipake sabuni ya kipande, uipashe kwa moto mpole mpaka sabuni igeuke rangi ya kahawia iliyoiva, halafu uondoe moto mara moja.

Saba, shikilia kipande kwenye gari kwa koleo za kubana kabla ya kuchomelea. Funga mlango, funga boneti, uangalie nafasi. Chomelea nukta nukta zilizoachana, si mstari mmoja mrefu, la sivyo joto litapinda kazi yako yote.

Bati lililotanuka kupita kiasi

Lile bati linaloingia na kutoka kama kifuniko cha debe hukusanywa kwa moto. Tafuta sehemu iliyo juu zaidi. Pasha nukta moja tu, ndogo kama sarafu, mpaka iwe nyekundu. Itavimba. Shika doli kwa wepesi nyuma yake, gonga ukizunguka nukta ile kisha katikati yake, halafu poza kwa kitambaa chenye maji. Subiri bati lipoe kabisa ndipo uamue kama panahitaji nukta nyingine.

Lakini sikiliza vizuri: hii ni kwa bati la nje tu. Nguzo za milango na mihimili ya chini ya magari ya kisasa ni ya chuma chenye nguvu maalum, na moto huipunguzia nguvu hiyo. Hizo ndizo zinazowalinda watu gari likigongwa. Kuzipasha moto na kuzifunika kwa fila ni kumdanganya abiria wa matatu ambaye hata hajui jina lako.

Fila ina mahali pake

Hatusemi fila itupwe. Hata mafundi hodari huitumia kuziba mikwaruzo ya mwisho. Lakini ikishapigwa msasa, isizidi milimita 3 hivi, na iwekwe juu ya bati safi lisilo na kutu.

Mwenye gari naye anaweza kupima. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chepesi uipitishe juu ya bodi ya chuma. Ikishika vizuri, bati liko karibu. Ikianguka, kuna fila nene chini ya rangi. Kwenye alumini na plastiki kipimo hiki hakifanyi kazi.

Usalama

Toa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Usichomelee karibu na tangi la petroli, hata likiwa tupu, maana mvuke wake hulipuka. Mtungi wa gesi usimame wima na ufungwe. Usipake mafuta wala grisi kwenye koki ya oksijeni, kwani huweza kuwaka na kulipuka. Vumbi la fila na mvuke wa rangi huingia mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa inayofaa na ufanye kazi penye hewa. Masikio pia huharibika kwa kelele za nyundo, na yakishaharibika hayarudi.

Mashine moja, mafundi wengi

Mashine ya magurudumu inaweza kutengenezwa hapa hapa. Skrubu hutoka kwenye jeki ya zamani, magurudumu hukerezwa kwenye karakana yenye mashine ya kukerezea chuma, na fremu huunganishwa kwa chuma kizito. Jambo ambalo halina mjadala ni fremu: ikiyumba, bati litatoka na mawimbi. Na magurudumu mawili lazima yalingane sawasawa.

Fundi mmoja huenda asimudu gharama, lakini watano wanaweza. Tunashauri mwandike makubaliano kabla ya kununua chuma: mashine itakaa kwa nani, zamu ni zipi, na nani atalipa ikiharibika. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya mwaka 2012 inatoa nafasi kwa mafundi kusajili vyama vyao. Tumetoka mbali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliwaonyesha wakubwa kwamba kazi hizi ndogo zina maana, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, kisha vibanda vya jua kali vikaanza kujengwa. Paa lilisaidia. Lakini paa halimfundishi mtu kukusanya bati.

Kijana aliyejifunza gereji anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la 3 mpaka la 1. Uliza chuo cha ufundi kilicho karibu nawe namna ya kujiandikisha. Cheti hakinyooshi bati, lakini hufungua mlango wa kazi ambako hakuna anayekujua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kugonga juu ya doli na kugonga kando ya doli vina tofauti gani? Onyesheni kwa kipande cha bati kilichotupwa.
2. Lazeni karatasi juu ya madigadi. Ni wapi bati lingetanuliwa, na ni wapi lingekusanywa?
3. Mteja akisema, "Wewe jaza tu fila, nataka kuiuza gari," utamjibuje? Na atakayenunua, nani atamwambia?
4. Katika mji wenu kuna mafundi wangapi wa bodi wanaoweza kushirikiana kupata mashine moja? Nani ataitisha mkutano wa kwanza?

Tunawatakia kazi njema. Mkikutana, anzeni na lile swali la pili, maana karatasi ni bei rahisi na bati si bei rahisi.